Vyuma Vilivyotembea kwa Mwendo wa Kabale

Talaso binti yangu, salaam aleikum.

Umekwenda Ngaremara kumuaga shangazi yako Habiba, na mimi nimebaki hapa nyumbani nikizunguka kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Nimelifunga sanduku lako la bati, nikalifungua, nikalifunga tena. Nimetoka mpaka sokoni kuangalia kama lori la sukari bado lipo. Lipo, wanapakia. Nikamuuliza dereva kama kweli mnaondoka kesho alfajiri, kama tairi za nyuma ni nzima, kama utakaa mbele pamoja naye au juu ya magunia. Akanijibu vizuri mara ya kwanza. Mara ya pili akaniambia, "Mzee, tumekusikia."

Basi nimerudi, nimekaa, naandika. Mwandiko wangu unaujua. Niliupata ukubwani, kwenye darasa la ngumbaru, na wewe ndiye uliyekuwa ukinisahihishia jioni kwa kalamu nyekundu. Leo usisahihishe. Soma tu.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala kufunga mlango wala watu wa kuogopa njiani. Hayo yote shangazi yako anakwambia sasa hivi, na atakwambia tena kesho huku lori limeshawashwa. Nataka kukueleza habari ya hii kazi yangu ya kuokota na kufunga vyuma. Umekua ukiisikia ikilia nje ya dirisha, lakini sijawahi kukueleza kutoka mwanzo. Nataka pia kukueleza habari ya mama yako, ambaye nimemzungumzia kidogo mno. Ni habari moja.

Nilifika hapa Isiolo kwa miguu, kijana, nimetoka Sericho bila mnyama hata mmoja. Ngamia wetu waliisha, wengine kwa risasi, wengine kwa kiu. Nikapata kazi ya kufagia kwa Mhindi mmoja mwenye gereji kando ya barabara ya kwenda kaskazini. Malori yalikuwa yakirudi kutoka huko yamevunjika kila mahali, na vilivyovunjika vilitupwa nyuma ya gereji, rundo juu ya rundo. Mimi nilikulia mahali ambapo ngamia akifa ngozi inatumika, mshipa unatumika, hata mfupa unapata kazi. Kwa hiyo lile rundo liliniudhi. Kila nikipita niliona kama mnyama aliyechinjwa akaachwa bila kuchunwa.

Nikamwoa mama yako. Kabale alikuwa na mbuzi wachache, na nyuma ya nyumba tukawajengea zizi la miiba. Fisi wa huku unawajua, hawana aibu. Asubuhi moja mama yako alikuta miguu ya mbuzi tu, mwili hakuna. Hakupiga kelele. Alinitazama akasema, "Wewe unashinda gereji. Tengeneza kitu."

Nilikwenda kwenye rundo nikarudi na taa ya lori iliyopasuka, kipande cha ekzosi, vijiko vilivyovunjika shingo, vifuniko vya soda na nyororo ya baiskeli. Nikasimika mti kando ya zizi, nikavitundika kwa waya. Jua lilipozama upepo ukaja kama kawaida yake, na kile kitu kikaanza kulia na kumulika huku na huku. Fisi hakuja.

Fisi aliacha. Mimi sikuacha. Kila siku nilitoka kazini na kitu mfukoni: ufunguo usio na kufuli, kitasa, sindano ya saa ya gari, sahani ya bati iliyobanduka rangi. Nilitundika, nikashusha, nikahamisha. Niliona kwamba kijiko kikikaa karibu na ekzosi kinasema sauti moja, na ukikisogeza karibu na nyororo kinanyamaza kabisa, na kijiko ni kile kile. Sikuwa nimeambiwa na mtu kwamba hii ni kazi yenye jina. Nilijua tu kwamba nikiifanya, miguu yangu inatulia.

Mama yako alisimama mlangoni siku moja, wewe uko mgongoni. Akasema, "Wario, sasa unafukuza fisi wangapi?"

Nikasema sijui.

"Basi hicho kioo cha leo kisogeze kushoto. Kinanipiga machoni nikikamua."

Nikakisogeza. Palikuwa pazuri zaidi. Tangu hapo nilimwita kila nikimaliza, naye alikuja akifuta mikono, anatazama, anasema moja kati ya mawili: "Sawa," au, "Hapo umedanganya." Hakuwahi kukosea. Nakwambia hili kwa sababu utapata watu wengi wa kukusifu kule uendako, maana mwalimu ni mtu mkubwa. Tafuta mmoja wa kukwambia umedanganya, na akishakwambia usimnunie. Mimi nilimnunia mama yako mara nyingi, nikapoteza jioni nzuri bure.

Watu wakaanza kusema. Wengine walisema nimerogwa, wengine walisema nataka kuwa mganga. Maneno yakafika msikitini, na siku moja baada ya sala ya alasiri Sheikh Nur akaja na fimbo yake. Tulisalimiana. Akazunguka lile zizi taratibu, akatazama juu, akatazama chini.

"Wario," akasema, "hii kitu iko na uso?"

"Hapana, Sheikh."

"Iko na macho? Mdomo?"

"Hakuna."

Upepo ukavuma, vijiko vikagongana. Akasikiliza mpaka vikaisha.

"Basi hii si sanamu. Hii ni kelele." Akaaga. Alipofika kwenye lango akageuka. "Hata kwangu fisi wanasumbua." Nikamtengenezea yake, na mpaka alipohama mtaa ule ilikuwa inalia nyuma ya nyumba yake.

Nimeinuka kidogo. Nilidhani nimesikia gari limesimama barabarani, nikafikiri ni nyinyi. Si nyinyi.

Ulikuwa ndiyo umeanza darasa la kwanza homa ilipomshika mama yako. Ilikuwa haraka. Siku ile alikuwa anakamua, siku zilizofuata alikuwa amelala, halafu wanawake wakajaa nyumbani na mimi nikawa nachimba pamoja na wanaume wenzangu. Watu walipotawanyika, nilishindwa kukaa. Nikikaa kitini naona kama kiti kinaniunguza. Wewe ulinijia ukaniuliza, "Abba, mama anarudi lini?" Nikatoka nje kutafuta waya. Ukaniuliza tena kesho yake. Nikatoka tena. Nilidhani mikono ikiwa na kazi, mdomo una ruhusa ya kufunga. Katika makosa yangu yote, hilo ndilo lililokuumiza wewe, na ulikuwa mdogo mno kujitetea.

Nikakusanya vitu vyake ambavyo havikuwa na kazi tena. Sufuria iliyotoboka. Taa ya chemni isiyo na kioo. Kitana kilichopungua meno. Springi za kitanda chetu cha zamani. Akala zake, zile ndara za tairi, ambazo yeye alikuwa amezimaliza upande mmoja. Sikukusudia chochote. Nilikata springi ndefu ya Landrova nikailaza juu ya mti kama mabega, sufuria upande huu, springi za kitanda upande ule. Taa nikaiweka katikati. Akala nikazifunga chini kabisa kwa waya mrefu kutoka kila bega, zikining'inia juu ya jiwe. Nilipomaliza nikageuka kumwita anitazamie, na mdomo ulikuwa umeshafunguka kabla sijakumbuka.

Asubuhi yake Mama Ekiru, jirani yetu Mturkana, alipita anatoka kuchota maji. Nilisikia debe likianguka. Nilipotoka nilimkuta amekaa chini kwenye tope la maji yake mwenyewe, analia.

"Habari gani, Mama Ekiru? Umeumia?"

"Sikiza," akasema. "Huyo si Kabale anakuja?"

Nikasikiliza. Unajua mama yako alianguka kutoka kwa ngamia akiwa msichana, na mguu wake mmoja ulikuwa mfupi kidogo. Alitembea kwa hatua nzito halafu nyepesi, nzito halafu nyepesi. Upepo ulikuwa unainua bega moja la springi na kushusha lingine, na zile akala zilikuwa zinagonga jiwe hivyo hivyo. Sikuipanga. Naapa mbele ya Mungu sikuipanga. Mkono wangu ulikuwa unaukumbuka ule mwendo bila mimi.

Halafu ukatoka wewe. Hukulia. Ulisimama ukatazama, ukasema "Mama," ukarudi ndani kumletea maziwa.

Ningeishusha siku ile. Sikuishusha, kwa sababu angalau ulikuwa umepata mtu wa kuzungumza naye, na mimi nilikuwa nimepona kuulizwa. Ukaacha kwenda shule. "Nitaenda mama akinisindikiza," ulisema. Ulikula chini yake, ukacheza chini yake, ukamsimulia habari za watoto wa darasani kama vile bado ulikuwa unawaona. Wanawake walikuja kusikiliza wakaondoka wanajifuta macho. Wengine wakawa wanaisalimia wakipita. Mimi nilikwenda kazini nikarudi, nikapita pembeni kama mgeni.

Halafu asubuhi moja nikakuta kitambaa kimefungwa kwenye mti. Mama mmoja wa kule manyatta ya wafugaji alikuwa na mtoto mgonjwa, na alikuja alfajiri akafunga kipande cha kanga yake akaomba. Siku chache baadaye vitambaa vilikuwa vingi. Sheikh Nur akaja bila kuitwa.

"Haina uso, Sheikh," nikasema kabla hajauliza.

"Najua haina. Afadhali ingekuwa nao, ningejua la kusema." Akagusa kitambaa kimoja kwa ncha ya fimbo. "Watu wameanza kuiomba, Wario. Na huyu mtoto hasomi. Mimi sitakuamrisha. Mkono wako ndio ulifunga, mkono wako ndio utafungua. Lakini usikawie."

Nilichukua koleo nikalirudisha. Nilichukua ngazi nikairudisha. Kazini nilifunga nati ambazo zilitakiwa kufunguliwa, na yule Mhindi akapiga kelele mpaka watu wa barabarani wakasimama. Nilikuwa nasema moyoni kwamba nikiishusha, namuua mama yako mara ya pili mbele yako.

Hatimaye alasiri moja nilisimama pale na koleo mkononi. Wewe ulikuwa umekaa karibu na jiwe, umeshika magoti. Upepo ulikuwa mwingi.

"Abba, mama anaenda wapi?"

"Haendi mahali."

"Anatembea. Jana alitembea, na usiku pia. Hafiki."

Nikatazama akala zikigonga jiwe.

"Miguu inamuuma," ukasema. "Mwambie apumzike."

Ndipo nikakaa. Tangu msiba, ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa kwa kweli. Nilikaa chini kwenye vumbi kando yako, nikakwambia yale ambayo baba alitakiwa kukwambia mwanzoni: kwamba mama amekufa, kwamba nilimzika mimi na wenzangu, na ni wapi, na kwamba hatarudi, na kwamba ile sauti ni vyuma tu na upepo. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja ulie. Badala yake ukauliza kama alikuwa amevaa viatu.

"Hapana. Viatu vyake ni hivi hapa."

Ukafikiri. "Basi tumvue."

Ulifungua akala wewe mwenyewe. Waya ulikuwa mgumu, nikaulegeza kwa koleo, ukamaliza kwa vidole. Jiwe likanyamaza. Ndipo ukalia, na mimi nikalia, na Mama Ekiru akatusikia akaja akasimama kwenye lango bila kuingia. Tukaendelea kushusha hivyo hivyo tukilia. Ulisema sufuria apewe yeye, kwa sababu ametupikia tangu msiba. Nikaiziba tundu, akaitumia miaka. Kitana ukakichukua wewe. Taa nikaitafutia kioo, na ndiyo uliyosomea mpaka ukamaliza darasa la saba. Springi ya Landrova ilikuwa imeshaota kutu. Nikaitia mafuta nikamrudishia yule Mhindi, naye akaniuliza kwa nini namletea takataka zake.

Vitambaa nilifungua kimoja kimoja. Kile cha kwanza nilikipeleka manyatta mpaka kwa mwenyewe. Mtoto wake alikuwa bado anaungua. Nikaomba gari la gereji, tukampeleka hospitali, akapona. Yule mama aliniambia ni ule mti wa Kabale ndio ulionituma. Sikubishana naye. Kesho yake tulikwenda makaburini, mimi na wewe, na siku iliyofuata ukaenda shule.

Nilichojifunza hapo bado nakifikiria. Nilidhani kazi yangu ni kufunga vitu visivyokuwa pamoja vikawa kitu kimoja. Nusu ya kazi ni hiyo. Nusu nyingine ni kufungua kwa wakati wake na kumpa kila mtu kilicho chake. Mtu anaweza kuwa hodari wa nusu ya kwanza mpaka akafa, na watu wake wakaumia.

Ungedhani mtu aliyefundishwa hivyo na mtoto wake hatakosea tena. Ulipokuwa darasa la sita ulianza kuokota. Ulijenga boma zima kwa pakiti za maziwa ya shule, na ng'ombe wa vifuniko vya soda, na waya wa seng'enge ukauzungusha kama ua. Nililitazama nikaogopa. Nilifikiri, huyu naye hatatulia maisha yake yote. Nikasema, "Soma vitabu. Mikono yako iwe safi." Nikaficha koleo juu ya boriti. Nawe kwa ukaidi ukakata waya kwa meno. Lile pengo dogo ulilonalo mbele, ambalo watu wanasema linakupendeza, mimi nikiliona naona koleo limelala juu ya boriti, na mtu mzima akijifanya anasoma gazeti.

Nikalishusha. Nimeliweka sandukuni mwako, chini ya nguo, limefungwa kwa kitambaa cha mafuta. Usilirudishe. Mimi nina lingine.

Na sasa Sericho. Watu wananipongeza njiani: binti amepata kazi ya ualimu, binti wa kwetu anarudi kufundisha kwetu. Natabasamu nao, halafu nakuja nyuma ya nyumba kupiga chuma bila sababu. Nataka uende. Nataka pia lori liharibike. Yote mawili ni kweli na yananivuta kila upande, ndiyo maana leo sijala.

Kule watoto watakuja darasani wakati wanyama wako karibu, na wanyama wakifuata maji mbali watatoweka wiki nzima. Usiwakasirikie. Vitabu vitachelewa. Lakini utakuta madebe ya mafuta ya msaada, yale yenye picha ya mikono miwili inasalimiana, na mabaki ya malori, na mifupa iliyopaushwa na jua, na huenda bado kuna maganda ya risasi kwenye mchanga. Watoto wataviokota, na watavifunga pamoja bila kuambiwa na mtu. Mtoto akikuletea kitu alichofunga, usimwambie ni nini. Muulize, halafu ungoje. Kungoja ndiyo sehemu ngumu. Mimi ilinichukua msiba wa nyumba nzima kujifunza kungoja jibu la mtoto.

Kuna jambo la mwisho, na nimelizunguka tangu mwanzo wa barua. Baba yangu amelala Sericho. Tulimzika karibu na visima vya zamani, mimi na ndugu zangu, haraka, kwa sababu siku zile za risasi hakuna aliyekaa mahali pamoja, na usiku huo huo tukatawanyika. Sijarudi. Nimewaambia watu ni kazi, ni njia mbovu, ni nauli. Ukweli ni kwamba alinikabidhi ngamia, wakaisha mikononi mwangu, na naogopa kusimama pale peke yangu.

Wazee wa huko watakuonyesha. Taja jina langu na la baba yangu, Halake, na watajua. Nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali. Msomee Fatiha. Mwambie wewe ni Talaso wa Wario, na kwamba unasomesha watoto. Usijenge kitu pale, wala usitundike kitu. Kaa tu kidogo.

Sasa nasikia sauti yako barabarani, na Habiba anacheka kwa nguvu kama kawaida yake. Nitaikunja hii kabla hujaingia, nikuulize kama mmekula, na wewe utasema Abba, kwa nini hukuwasha taa.

Sisemi nitakuja Sericho. Nasema tu, wakikupa nyumba, tandika mkeka wa pili.

Baba yako,
Wario